VUMBI LA KAZI NA UGONJWA WA KIFUA KIKUU

Mazungumzo juu ya afya kwa watu wa Salgaa na sehemu za Nakuru

(Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotungwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Salgaa na jirani zao. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wasomaji wote, wa mjini na wa mashambani.)



Mtu apitaye barabara kuu itokayo Nakuru kwenda Eldoret na mpaka wa Uganda hana budi kuiona Salgaa. Ni mji mdogo katika sehemu ya Rongai, nao umekua kwa sababu ya malori. Madereva wa safari ndefu hupumzika hapo usiku; na palipo na madereva pana hoteli, gereji, maduka, mashine za kusaga unga, na vibarua wa kila namna. Nyuma ya mji kuna mashamba ya mahindi na ngano. Hata zamani sehemu hizi zilikuwa njia ya mizigo, kwa maana reli iliyofika Eldoret mwaka 1924 ilitoka Nakuru na kupita Rongai.

Katika sehemu hizi hakuna mtu asiyelijua vumbi. Tangu Januari mpaka Machi, kabla ya mvua kubwa, upepo huinua udongo mwepesi wa Bonde la Ufa na kuujaza hewani. Lakini vumbi la upepo ni la watu wote, nalo hupita. Mazungumzo haya ni juu ya vumbi jingine, yaani lile ambalo mtu hulivuta siku kwa siku kwa kuwa ndilo vumbi la kazi yake. Ndivyo ilivyo kwa mvunja kokoto aketiye juu ya mawe tangu asubuhi hata jioni, mchonga mawe ya kujengea katika machimbo ya kandokando ya mji wa Nakuru, mpukuchuaji wa mahindi, msagaji wa unga, seremala, na fundi wa gereji apulizaye filta ya lori kwa kompresa.

Watu hawa wakikohoa, jirani huwaambia, "Ni vumbi tu, litakwisha mvua ikinyesha." Mara nyingi maneno hayo ni ya kweli. Lakini mara nyingine si ya kweli, na tofauti kati ya mara hizo mbili ni uhai wa mtu na wa jamaa yake. Kwa sababu hii yafaa kila mfanyakazi ajue vumbi hufanya nini kifuani, na kwa nini mtu wa kazi ya vumbi hupatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko mwenzake.

VUMBI SI LA NAMNA MOJA

Mwenyezi Mungu amempa mwanadamu milango na walinzi wa kuzuia vumbi. Nywele za puani huzuia chembe kubwa. Katika koo na mirija ya hewa kuna ute unaonata, na chini ya ute huo kuna vinywele vidogo mno ambavyo hupeperuka bila kupumzika, vikiusukuma ute kwenda juu pamoja na uchafu wake mpaka mtu auteme au aumeze. Ndiyo maana baada ya kupukuchua mahindi mtu hutema makohozi meusi, na kesho yake kifua huwa safi.

Lakini walinzi hao hawawezi kuzuia chembe zilizo ndogo kupita kiasi. Milimita moja ikigawanywa katika sehemu elfu moja, unywele wa kichwa una upana wa kiasi cha sehemu 70. Vumbi liwezalo kufika mwisho kabisa wa mapafu halizidi sehemu 4 au 5. Vumbi hilo halionekani kwa macho, isipokuwa pengine katika mwali wa jua uingiao dirishani. Vumbi zito huanguka chini upesi; lakini hili jembamba huelea hewani kwa muda wa saa nyingi baada ya kazi kwisha. Basi mtu asipime hatari kwa kutazama weupe wa nguo zake tu. Lile ambalo halionekani ndilo lenye madhara makubwa.

Tena vumbi hutofautiana kwa asili yake. Vumbi la unga na nafaka huweza kuleta pumu na kikohozi cha kudumu. Vumbi la katani na pamba hubana kifua, na wafanyakazi wengi huona kifua kikiwabana zaidi siku ya kwanza ya kazi baada ya kupumzika. Vumbi la mbao huwasha pua na koo. Yote hayo ni mabaya, wala haifai kuyadharau. Lakini lililo baya zaidi katika habari ya kifua kikuu ni vumbi la mawe na mchanga, kwa sababu ndani yake mna madini yaitwayo silika. Silika ipo katika mchanga, katika mawe ya namna nyingi, katika matofali na katika zege. Jiwe likiwa zima halimdhuru mtu. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno, likitobolewa au likisagwa, ndipo linapotoa chembe zile nyembamba.

Bonde la Ufa ni nchi ya volkano, na mawe yake hayalingani. Mengine yana silika nyingi, mengine kidogo. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, ambapo Dk. Louis Leakey alifukua mashoka ya mawe ya watu wa kale, kuna udongo mweupe uitwao diatomaiti. Umetokana na mabaki ya mimea midogo isiyoonekana kwa macho, iliyoishi katika ziwa la zamani. Silika ya udongo huo katika hali yake ya asili ni ya namna isiyo kali sana. Lakini ukichomwa kwa moto mkali, sehemu yake hugeuka kuwa silika ya namna iliyo kali. Mfano huu unaonyesha kwamba vitu viwili vinaweza kufanana kwa rangi na wepesi, na hatari yake ikawa mbalimbali.

ASKARI WA MAPAFU

Vumbi jembamba likifika mwisho wa mapafu, hukuta vijifuko vidogo vya hewa ambavyo idadi yake ni mamilioni ya mamia. Ndani ya vijifuko hivyo huzunguka seli ambazo kazi yake ni ulinzi. Zaweza kuitwa askari wa mapafu. Silaha ya askari hawa ni tumbo. Kijidudu kikiingia, askari hukizunguka, hukimeza, na kukiyeyusha kwa maji makali yaliyo ndani yake. Adui akimshinda, askari huyo huwaita wenzake waje kumsaidia.

Kifua kikuu huletwa na kijidudu ambacho Dk. Robert Koch alitangaza habari zake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Mgonjwa akikohoa, vijidudu huruka hewani, na mtu mwingine huvivuta. Mara nyingi askari wa mapafu huvimeza, na hata wakishindwa kuviua huvizungushia ukuta. Hapo vijidudu hulala, na mtu huendelea na kazi zake bila kujua lolote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kiasi cha robo ya watu wote wa dunia wamewahi kuingiwa na vijidudu hivi. Lakini katika kila watu 100 wa namna hiyo, ni 5 mpaka 10 tu watakaougua katika maisha yao, ikiwa hakuna jambo jingine la kuwadhoofisha. Hao waliobaki hulindwa na askari wao.

Sasa na ifikiriwe hali ya mtu avutaye vumbi la mawe. Askari humeza chembe ya silika kama anavyomeza kijidudu. Lakini jiwe haliyeyuki. Badala yake, chembe hupasua kifuko cha maji makali kilicho ndani ya askari, na maji yale humwua askari mwenyewe. Chembe huachwa huru, nayo haikupungua hata kidogo. Askari wa pili huja, huimeza, naye hufa. Wa tatu kadhalika. Hivyo chembe moja yaweza kuua askari wengi, mmoja baada ya mwingine, na kila wakifa, mahali pale huvimba na kufanya kovu. Makovu yakizidi, mapafu hukakamaa kama ngozi iliyokauka juani, na mtu huanza kuhema akipanda kilima alichokuwa akikipanda kwa mbio. Huo ndio ugonjwa ambao madaktari huuita silikosisi. Makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa, nayo huweza kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi.

Kwa habari ya kifua kikuu, hasara huwa mbili. Kwanza, askari waliobaki ni wachache na wamedhoofika, kwa hiyo vijidudu vipya huingia kwa urahisi, na vile vilivyolala huamka. Pili, kovu ni mahali ambapo damu haifiki vema, na vijidudu hupata maficho ambayo askari hawayafikii. Ndiyo sababu mtu anaweza kuacha kazi ya mawe, akarudi nyumbani kulima, na miaka mingi baadaye akapatwa na kifua kikuu. Vumbi alilolivuta ujanani bado limo kifuani mwake.

YALIYOJULIKANA KATIKA MIGODI

Habari hizi si ngeni. Mwaka 1556 kitabu cha Mjerumani aitwaye Georgius Agricola kilieleza juu ya migodi ya milima ya Karpati, ambako wanawake wengine walikuwa wameolewa na waume saba, kwa sababu wachimbaji walikufa mapema kwa vumbi. Katika Afrika, funzo kubwa zaidi lilitoka kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Tume iliyoteuliwa mwaka 1902 ilichunguza ugonjwa wa vifua vya wachimbaji, na mwaka 1911 na 1912 zikatungwa sheria za kuwalipa wagonjwa. Hata hivyo malipo hayakuwa sawa. Mchimbaji Mwafrika alilipwa kidogo sana kuliko mwenzake Mzungu, na wengi walirudishwa makwao bila kupimwa. Vijana wa Nyasaland na wa nyanda za juu za kusini za Tanganyika walikwenda huko kwa mikataba ya shirika lililojulikana kwa jina la Wenela. Mtu aliporudi na masanduku na blanketi, kijiji kilimshangilia. Kikohozi alichorudi nacho hakikuonekana siku ile.

Wachunguzi walikusanya habari za miaka mingi za wachimbaji hao na za wafanyakazi wa mawe wa nchi nyingine. Mwaka 2021 wataalamu wa Afrika Kusini walilinganisha uchunguzi mwingi uliokwisha kufanywa duniani, wakaona kwamba mtu mwenye silikosisi yumo katika hatari ya kifua kikuu kiasi cha mara 4 kuliko mtu asiye nayo. Tena, hata mtu aliyevuta vumbi la silika lakini mapafu yake hayajaonyesha makovu, hatari yake ilikuwa karibu mara 2. Jambo hili la pili ni la kutiliwa maanani sana. Maana yake ni kwamba mtu asingoje mpaka picha ya eksirei ionyeshe makovu ndipo ajihadhari. Na mtu akiwa na virusi vya UKIMWI pamoja na silikosisi, hatari hizi mbili huzidishana.

Mwaka 2018 makampuni ya dhahabu ya Afrika Kusini yalikubaliana na mawakili wa wachimbaji kulipa fidia kwa wagonjwa wa silikosisi na kifua kikuu, na mwaka 2019 mahakama ikayathibitisha mapatano hayo. Wengi waliostahili kulipwa walikuwa wamekwisha kufa, na haki yao ikawaangukia wajane na watoto.

Karibu na Kenya kuna habari za Mererani katika Tanzania, ambako watu huchimba vito vya tanzanaiti katika mashimo marefu yenye vumbi jingi. Madaktari wa hospitali ya Kibong'oto, ambayo ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, wamewapima wachimbaji wa huko, wakakuta silikosisi na kifua kikuu kati yao. Hao hawakuwa wafanyakazi wa makampuni makubwa yenye madaktari. Wengi walikuwa wachimbaji wadogo, wenye nyundo, tindo na tochi, wasio na mtu wa kuwauliza habari za afya yao. Hali yao haiko mbali na hali ya mvunja kokoto wa kando ya barabara.

MFANO WA MVUNJA KOKOTO

Na uchukuliwe mfano wa mtu mmoja, asiyetajwa jina kwa sababu anaweza kuwa mtu ye yote. Amevunja kokoto tangu alipomaliza shule. Ana mke na watoto wanne, na chumba kimoja cha kupanga. Mwezi wa Januari anaanza kukohoa. Hajali, kwa maana kila Januari hukohoa. Mwezi wa Februari mkewe anamwambia, "Baba watoto, shati lako limekuwa kubwa, na usiku unalowesha shuka kwa jasho." Naye anajibu, "Mama watoto, ni vumbi tu. Mvua ikinyesha nitapona." Ananunua dawa ya kikohozi dukani. Mwezi wa Aprili mvua inanyesha, vumbi linatulia, lakini kikohozi kinabaki. Mwezi wa Mei anatema damu, ndipo anapokwenda hospitali. Anapimwa na kukutwa na kifua kikuu. Mtoto wake mdogo, aliyelala chumba kile kile kwa miezi yote minne, anapimwa pia, naye ameambukizwa.

Mtu huyu hakukosea kwa kusema kwamba kazi yake ina vumbi. Alikosea kwa kudhani kwamba vumbi likiwapo, kifua kikuu hakiwezi kuwapo. Kumbe mambo ni kinyume: kwa sababu ana vumbi kifuani, kikohozi chake chapasa kupimwa upesi kuliko cha mtu mwingine. Sikio la kibinadamu haliwezi kutenganisha kikohozi cha vumbi na kikohozi cha kifua kikuu. Hata daktari hawezi bila kupima makohozi.

Na watu wa namna hii si wachache. Katika uchunguzi mkubwa wa kifua kikuu uliofanywa nchini Kenya na kumalizika mwaka 2016, ilionekana kwamba katika kila watu wazima 100,000, wenye ugonjwa huu walikuwa 558. Wanaume walikuwa 809 katika kila 100,000, na wanawake 359. Si haki kusema kwamba tofauti hiyo yote imeletwa na vumbi. Kuna sigara, kuna pombe, na kuna desturi ya wanaume kuchelewa kwenda hospitali. Lakini uchunguzi ulionyesha pia kwamba wengi wenye dalili hawakuwa wametafuta matibabu, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba waliuona ugonjwa wao kuwa si kitu.

DALILI NA MATIBABU

Dalili za kujihadhari nazo ni hizi: kikohozi kinachoendelea, hasa kikifika wiki mbili, homa, hasa jioni, jasho jingi usiku, kukonda bila sababu, maumivu ya kifua, na kutema damu. Mtu wa kazi ya vumbi mwenye dalili hata moja ya hizo asingoje nyingine. Aende katika zahanati au hospitali, na amwambie mganga bila kuficha, "Kazi yangu ni ya mawe," au "Nimefanya kazi ya mawe miaka 8." Maneno hayo machache humsaidia mganga sana, kwa maana hataweza kuyasoma katika uso wa mgonjwa. Makohozi hupimwa kwa mashine ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa chache, na huonyesha pia kama vijidudu vinashindana na dawa iliyo kubwa kuliko zote.

Wako watu wasemao kwamba mgonjwa wa namna hii amerogwa, au kwamba ugonjwa umo katika ukoo. Hayo si kweli. Ugonjwa hupita kwa hewa, na hupona kwa dawa. Hapa watu wa Afrika ya Mashariki wana jambo la kujivunia. Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa wengi walichoka wakaacha. Kati ya miaka ya 1970 na 1972, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na madaktari wa Uingereza kujaribu matibabu ya miezi 6, na yakafaulu. Matibabu mafupi ambayo yanaponya watu katika dunia nzima yana mizizi yake katika wodi za nchi hizi.

Katika hospitali za Serikali ya Kenya dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Humezwa kila siku kwa miezi 6, na kwa mgonjwa mwenye silikosisi daktari anaweza kuurefusha muda huo. Mkojo hugeuka rangi kuwa mwekundu. Hilo si jambo la kutisha, ni rangi ya dawa. Baada ya wiki chache mgonjwa huona nguvu zikirudi, na hatari ya kuambukiza wengine hupungua sana. Hapo ndipo penye mtego. Wengi hudhani wamepona, wakaacha dawa, na vijidudu vilivyosalia hurudi vikiwa vimeizoea dawa. Ugonjwa wa namna hiyo ni mgumu mno kutibu.

Kwa Salgaa jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ni mji wa wasafiri. Dereva au taniboi aliyeanzishwa dawa Mombasa anaweza kujikuta Malaba siku dawa zinapokwisha. Yampasa asafiri na kadi yake ya matibabu, na amweleze mganga mapema habari za safari zake, ili apewe dawa za kutosha au aelekezwe mahali pengine pa kuzipata. Shirika la North Star Alliance lilipofungua kliniki za kando ya barabara kwa ajili ya madereva, Salgaa ilikuwa mojawapo ya mahali palipochaguliwa, na sababu yake ilikuwa hiyo hiyo: mtu wa barabarani huhitaji mganga wa barabarani. Tena, watu wanaolala wawili watatu katika kichwa cha lori wakifunga vioo, hupeana hewa moja usiku kucha. Yafaa dirisha liachwe wazi kidogo.

YA KUFANYA KAZINI

Dawa ya vumbi iliyo kubwa kuliko zote ni maji. Jiwe likilowa, vumbi haliruki. Penye mashine, jiwe na likatwe huku maji yakitiririka, na tundu litobolewe kwa maji. Penye nyundo tu, kopo lililotobolewa matundu latosha kunyunyizia rundo la mawe kabla ya kuvunja na wakati wa kuvunja. Inajulikana kwamba wakati wa kiangazi maji hununuliwa kwa mtungi, na mvunja kokoto huhesabu kila shilingi. Lakini maji ya kunyunyizia si lazima yawe safi ya kunywa; hata maji yaliyofulia nguo yafaa.

Pili, mtu aketi upande utokako upepo, ili vumbi liende mbali naye, na wavunjaji wasibanane mahali pamoja. Tatu, karakana na mashine za unga zifunguliwe madirisha, na sakafu isifagiwe kavu. Inyunyiziwe maji kwanza au ipigwe deki. Fundi wa gereji asipulize filta wala vumbi la breki kwa kompresa mbele ya uso wake na wa wenzake. Nne, leso ifungwayo puani huzuia vumbi zito tu. Lile jembamba hupita katika nguo kama maji yapitavyo katika chekeche. Barakoa za kazi za namna ya N95 au FFP2 ndizo zinazosaidia, nazo zisipokaza usoni hazina faida. Tano, mtoto asibebwe mgongoni wala kulazwa kando ya rundo la mawe. Mama akimaliza kazi anawe, akung'ute na kubadili nguo kabla ya kumnyonyesha. Sita, mtu wa vumbi aache sigara, kwa maana sigara peke yake huzidisha hatari ya kifua kikuu kiasi cha mara 2, tena huvilemaza vile vinywele vya kusafisha kifua.

Kwa upande wa mabwana wa kazi, sheria iko wazi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humlazimisha mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na vifaa vya kujikinga visilipishwe kwa mshahara wao. Sheria ya Faida za Majeraha ya Kazini ya mwaka huo huo yahesabu pia magonjwa yaletwayo na kazi, wala si ajali peke yake. Sheria ya Ajira, nayo ya 2007, humpa mfanyakazi aliyetumikia miezi miwili mfululizo siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara. Mwajiri mwenye akili ataona kwamba maji na barakoa ni rahisi kuliko kumpoteza fundi aliyeijua kazi.

Lakini mvunja kokoto aliye peke yake hana bwana wa kumdai. Kwa watu kama hao msaada wa kwanza ni wao wenyewe kwa wenyewe. Wavunjaji wa mahali pamoja wanaweza kuchanga fedha kidogo kidogo kununua pipa la maji, kama wanavyochanga kwa mazishi. Wanaweza kupatana kwamba mwenzao akikohoa wiki mbili, mmoja wao atamsindikiza kupimwa, na kokoto zake zitalindwa mpaka arudi. Mapatano hayo hayahitaji karani wala muhuri.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nyumba, shule na barabara za Nakuru zimejengwa kwa mawe yaliyopita katika mikono ya watu hawa. Si haki kwamba anayewajengea wengine kuta abomoke kifua chake, hali kinga yake ni kopo la maji na tiba yake hutolewa bure. Basi mtu wa kazi ya vumbi akikohoa, jirani yake asimwambie, "Ni vumbi tu." Amwambie, "Ndugu, kesho asubuhi twende tukapime."